FAHALI WAWILI KATIKA ZIZI MOJA: SOMO LA KUBADILISHA FUWELE ZA RIMOTI ZA KIZAMANI

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Wengi wetu methali hii tunaijua kwa ajili ya mtihani tu. Tunaiandikia insha, tunapewa alama, yakaisha. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba methali hiyo inafanya kazi hata katika mawimbi ya redio, tena haikosei hata siku moja.

Waliohudhuria Siku ya Wazazi watakumbuka vile vigari viwili vya mitumba ambavyo Chama cha Sayansi kilivileta uwanjani. Kimoja kilipokuwa peke yake kilikwenda sawasawa. Mara tu rimoti ya pili ilipowashwa, mambo yakaharibika. Kigari cha kwanza kilitetemeka magurudumu, kikageuka ghafla, kikaelekea kwenye viti vya wageni mpaka kikadakwa na mwalimu wa zamu. Watu walicheka, na wengine wakasema ni betri. Haikuwa betri. Rimoti zote mbili zilikuwa zimeandikwa nambari moja: 27.145. Fahali wawili, zizi moja.

Dawa ya ugonjwa huo ni kitu kidogo kuliko ukucha, kiitwacho fuwele. Mafundi wengi hukiita kristali. Ukijua kukibadilisha, vigari viwili hata sita vitakimbia pamoja bila kugombana. Usipojua, utatupa kifaa kizima au utanunua kitu kisichokufaa. Basi twende pamoja, hatua kwa hatua.

1. TUKUBALIANE KWANZA JUU YA MANENO

Rimoti ni kile kisanduku cha mkononi chenye vijiti na eriali ndefu. Ndicho kinachotuma mawimbi. Kipokezi ni kile kisanduku kidogo kilichomo ndani ya kigari, kimashua au kindege. Ndicho kinachosikia mawimbi na kuamuru mota. Masafa ni idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde moja. Mtikisiko mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja, kwa heshima ya Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio katika miaka ya 1880. Kilohezi moja ni hezi 1,000. Megahezi moja ni hezi 1,000,000. Kwa hiyo rimoti iliyoandikwa 27.145 hutikisa wimbi lake mara 27,145,000 kila sekunde. Hebu jaribu kuhesabu kwa vidole!

2. FUWELE NI NINI?

Fuwele tunayoizungumzia ni kipande cha kwatsi, jiwe lile lile ambalo chembe zake zimejaa katika mchanga wa mto. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina hii zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake ni kweli pia: zikipewa umeme, hujinyoosha na kujikunja kidogo. Sasa ukikata kipande chembamba na kukitia katika saketi inayofaa, kitatikisika kwa kasi moja tu, ile iliyopangwa na unene wake. Ni kama kengele ya shule. Uigonge kwa nguvu au polepole, sauti yake ni ile ile.

Mwaka 1921 Mmarekani Walter Cady alitengeneza saketi ya kwanza ya redio iliyoongozwa na kipande cha kwatsi. Tangu hapo mawimbi yakapata mwalimu wa nidhamu. Hata saa ya mkononi ya betri ina fuwele yake, nayo hutikisika mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo iliuzwa Japani mwaka 1969.

Kipande kilichomo katika fuwele ya rimoti ya megahezi 27 ni chembamba mno. Fuwele hizi kwa kawaida hukatwa kwa mtikisiko wa msingi wa megahezi 9 hivi, kisha saketi huutumia mtikisiko wake wa tatu, kwani 9 mara 3 ni 27. Kwa kasi hiyo ya msingi, unene wake ni kama milimita 0.18, yaani karibu karatasi mbili za daftari zilizolaliana. Ukiangusha fuwele sakafuni, kile kifuko chake cha bati kitabaki kizima, lakini ndani kipande kinaweza kuwa kimepasuka. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

3. BWENI LENYE VYUMBA SITA

Katika nchi nyingi vifaa vya modeli vya kizamani vilitumia sehemu ya megahezi 27. Ifikirie kama bweni lenye vyumba 6. Kila chumba kina nambari yake na rangi yake, na mwenye rimoti hufunga utepe wa rangi hiyo kwenye eriali ili wenzake wamjue:

Kahawia: 26.995
Nyekundu: 27.045
Rangi ya chungwa: 27.095
Manjano: 27.145
Kijani: 27.195
Buluu: 27.255

Vyumba vitano vya kwanza vimeachana kilohezi 50. Cha mwisho kimeachana na jirani yake kilohezi 60. Watu wawili wakiwasha rimoti za rangi moja, kipokezi husikia sauti mbili kwa pamoja na hakielewi hata moja. Hicho ndicho kilichotukuta Siku ya Wazazi, kwani vigari vyote viwili vilikuwa manjano.

Bweni hili lina wapangaji wengine pia. Mashine za viwandani za kuunganisha plastiki na baadhi ya mashine za hospitali za kupasha misuli joto hutumia masafa haya haya, kati ya 26.957 na 27.283. Isitoshe, redio za mazungumzo za CB nazo zimo humo humo. Chumba cha buluu, 27.255, ndicho chaneli ya 23 ya CB huko Marekani. Kule Uingereza redio hizo zilienea kwa magendo kabla ya kuhalalishwa tarehe 2 Novemba 1981, na wenye vindege walipata taabu kweli kweli. Kwa sababu hiyo watu wa vindege walipewa bweni lao pembeni. Uingereza ni megahezi 35, na Marekani ni 72. Vyombo vya ardhini na majini vilipewa 40 Uingereza na 75 Marekani.

4. SIRI YA 455

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo naomba usome polepole.

Fuwele huuzwa mbili mbili, moja ya rimoti yenye alama TX na moja ya kipokezi yenye alama RX. Zote mbili huandikwa 27.145 na zote ni za manjano. Mtu akiziona hudhani ni mapacha. La, si mapacha! Fuwele ya kipokezi kwa kweli hutikisika chini kidogo ya ile ya rimoti, kwa tofauti ya kilohezi 455, ambayo ni megahezi 0.455. Toa mwenyewe:

27.145 – 0.455 = 26.690

Kwa nini? Kipokezi huchanganya wimbi lililoingia na wimbi la fuwele yake, kisha hupata tofauti ya mawili hayo. Ndani yake mna chujio linaloruhusu kilohezi 455 tu, au karibu na hapo. Rimoti ya manjano ikituma 27.145, tofauti na 26.690 ni kilohezi 455 kamili. Mlango unafunguka. Jirani wa rangi ya chungwa akituma 27.095, tofauti ni kilohezi 405. Chujio linamfungia nje. Ndiyo maana vigari viwili vya rangi mbili tofauti vinaweza kukimbia ubavu kwa ubavu.

Sasa swali la werevu: je, ukizichanganya, ukatia RX kwenye rimoti na TX kwenye kipokezi? Tofauti bado ni 455, kwa hiyo huenda kigari kikaitika ukiwa karibu, nawe ukashangilia kuwa umefaulu. Kumbe rimoti yako sasa inatuma 26.690, nje kabisa ya bweni. Umeingia nyumba ya watu usiku bila kubisha hodi. Aidha kifaa hakikutengenezwa kwa masafa hayo, na nguvu yake hupungua. Kuitika kwa kigari si ushahidi kwamba kazi imefanywa vizuri.

5. KABLA HUJATOA SHILINGI MFUKONI

Jiulize maswali manne.

Kwanza, je, kipokezi kina fuwele? Vigari vingi vya kuchezea vya bei nafuu vina fuwele katika rimoti pekee. Kipokezi chao kina koili tu, nacho husikia kila anayepiga kelele karibu na megahezi 27. Hapo hata ukibadilisha fuwele ya rimoti, vigari vitaendelea kugombana. Usipoteze pesa. Fungua kwanza utazame. Ukiona kifuko kidogo cha bati kilichochomekwa, chenye RX, una kifaa cha kufaa.

Pili, ni AM au FM? Hizi ni njia mbili tofauti za kubebesha wimbi ujumbe. Fuwele ya AM isiingizwe katika kifaa cha FM, wala ya FM katika AM, hata kama nambari ni moja na inaingia vizuri kwenye tundu. Baadhi ya rimoti za FM hutumia fuwele ya masafa madogo, kisha huyazidisha ndani.

Tatu, kipokezi kinachuja mara moja au mara mbili? Baadhi ya vipokezi vya FM hupunguza masafa kwanza hadi megahezi 10.7, ndipo hufikia kilohezi 455. Fuwele yake huwa 10.7 chini ya rimoti, na mara nyingi huandikwa neno la Kiingereza la "dual" au herufi DC. Hiyo haibadilishani na ile ya kawaida.

Nne, ni bweni gani? Usitie fuwele ya 35 katika kifaa cha 27, wala ya 72 katika cha 75. Koili za ndani zimepangiwa sehemu moja tu. Hata katika bweni la 72 la Marekani, lenye chaneli 50 kuanzia ya 11 hadi ya 60, vipokezi vingine vilitengenezwa kwa nusu ya chini au nusu ya juu pekee.

Ukiweza, nunua fuwele za kampuni ile ile iliyotengeneza kifaa. Za kampuni nyingine huenda zikafanya kazi, lakini saketi tofauti huivuta fuwele juu au chini kidogo, na umbali wa kuongoza ukapungua.

6. HATUA ZENYEWE

(i) Zima kigari kwanza, halafu rimoti. Toa mawe ya betri kotekote.

(ii) Andika katika daftari kila kilichoandikwa kwenye fuwele za zamani: nambari, TX au RX, AM au FM. Haraka haraka haina baraka.

(iii) Shika kile kikofia cha plastiki cha fuwele, uvute moja kwa moja bila kukipinda. Usitumie koleo, maana litaminya kifuko na kuvunja miguu. Kama fuwele imelehemiwa kwenye saketi, simama hapo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo, si ya kisu cha jikoni.

(iv) Tazama miguu ya fuwele mpya. Ikiwa ina uchafu, ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uiache ikauke.

(v) Chomeka TX kwenye rimoti na RX kwenye kipokezi, zote za rangi moja. Sukuma mpaka ikae imara. Fuwele haina chanya wala hasi, kwa hiyo upande wowote ni sawa.

(vi) Badilisha utepe wa eriali papo hapo. Utepe wa manjano juu ya fuwele ya kijani ni uongo, na uongo huo utamwangusha mwenzako.

(vii) Weka kigari juu ya tofali, magurudumu yakiwa hewani. Washa rimoti kwanza, ndipo uwashe kigari. Ukianza na kigari, kipokezi kisichosikia bwana wake husikiliza kelele yoyote, na mota inaweza kuruka ghafla. Wakati wa kuzima ni kinyume: kigari kwanza, rimoti mwisho.

(viii) Pima umbali. Kunja eriali ya rimoti, mwenzako ashike kigari, nawe utembee hatua 30 hivi huku ukigeuza usukani. Magurudumu yakianza kutetemeka ukiwa karibu sana, bado hujamaliza. Usikate wala kufupisha waya wa eriali wa kipokezi ili upendeze.

(ix) Mwisho, mwenzako wa rangi nyingine awashe rimoti yake kando yako. Magurudumu yakitulia, zizi limepata fahali mmoja.

Hivyo ndivyo vigari vyetu viwili vilivyopatanishwa. Kimoja kilibaki manjano na cha pili kikahamia kijani. Wiki iliyofuata vilishindana kuzunguka uwanja wa voliboli, na hakuna kilichomwendea mgeni.

7. KIKIKATAA KABISA

Kuuliza si ujinga. Rudisha fuwele za zamani kwanza. Kigari kikiitika, kosa liko katika fuwele mpya au aina yake. Kisipoitika, tafuta kwingine: betri, swichi, waya uliokatika. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha vitatu hutajua kipi kilichoponya. Na ikiwa kifaa kimewahi kuanguka kwa kishindo, ishuku fuwele kabla ya kushuku kingine, hata kama kwa nje inang'aa.

8. SI MCHEZO TU

Kigari kikikosa amri kitagonga ukuta. Kindege ni jambo jingine. Kindege cha kilo mbili au tatu kinachokuja kwa kasi, chenye rafadha inayozunguka, kinaweza kumjeruhi mtu vibaya. Mtu mmoja akiwasha rimoti ya chaneli ile ile akiwa chini, hata bila nia mbaya, kile cha angani kinapoteza bwana wake.

Kwa sababu hiyo vyama vya wenye vindege kule Uingereza na Marekani viliweka ubao uwanjani. Kila chaneli ilikuwa na kibanio kimoja tu, mara nyingi kile kile cha kuanikia nguo. Ukitaka kuwasha rimoti, ulichukua kibanio cha chaneli yako na kukibana kwenye eriali. Kibanio kikiwa hakipo ubaoni, ulingoja, uwe mgeni au uwe mwenyekiti. Ubao ule haukuhitaji umeme wala fundi. Ulihitaji watu waaminifu, basi.

Hapa kwetu masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kifaa kilichoruhusiwa nchi moja huenda kisiruhusiwe nyingine. Vyombo vya angani visivyo na rubani navyo vina kanuni zake za mwaka 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Kwa hiyo rimoti ya kindege ya 35 au 72 uliyoipata mitumbani isiwashwe hivi hivi. Mwone mwalimu mlezi, naye aulize panapohusika.

Rimoti za kisasa, zilizoanza kuenea katikati ya miaka ya 2000, hutumia gigahezi 2.4, nazo hazihitaji fuwele za kubadilisha. Kila kipokezi hufundishwa kuitambua rimoti yake, na vifaa vyenyewe hugawana nafasi bila ubao. Ni maendeleo makubwa. Lakini bei yake si ya kila shule, na vile vya zamani bado vinafika sokoni vikiwa vizima, vikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu tu muuzaji hajui TX ni nini na RX ni nini. Anayejua ndiye anayefaidi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Fuwele ya rimoti ni ya kijani, 27.195. Je, fuwele ya kipokezi chake hutikisika kwa megahezi ngapi, ikiwa kipokezi kinachuja mara moja?

2. Kipokezi kina fuwele ya 26.540. Rimoti yake ifungwe utepe wa rangi gani?

3. Kigari kimeitika vizuri ukiwa hatua tano, baada ya TX na RX kuchanganywa. Kwa nini hairuhusiwi kukitumia hivyo?

4. Toa sababu moja ya kuwasha rimoti kabla ya kigari.

5. Tumia methali "fahali wawili hawakai zizi moja" katika sentensi isiyohusu ng'ombe, ndoa wala siasa.

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili sanifu na yapewe katibu wa Chama kabla ya mwisho wa muhula. Atakayepata yote matano ataruhusiwa kuchagua rangi ya kwanza siku ya mashindano. Wa pili atachagua rangi nyingine.